Bendi ya Kichwa kwa Uzi wa Sweta Kuukuu

(Muziki wa kufungua, kisha ushuke taratibu)

Kama umeshika karatasi hii kwa sababu redio ya jirani imeishiwa na betri, usijali. Hujakosa kitu, maneno ni yale yale.

Leo tuna kitu kidogo mkononi: bendi ya kichwa ya kufuma kwa kroshia. Ni ile bendi nene inayozunguka kichwa na kufunika masikio na paji la uso, huku utosi ukibaki wazi. Najua kuna mtu ameshacheka. Bendi ya sufu, West Nile? Mwezi wa pili hapa bati la nyumba halishikiki kwa jua, sasa nani atavaa sufu?

Cheka, lakini mfikirie aliyeamka saa 11 alfajiri mwezi wa nane, mvua imenyesha usiku kucha, na anatakiwa awahi foleni ya maji. Mfikirie mlinzi wa ghala aliyekesha nje. Mfikirie kijana wa bodaboda anayetoka Koboko gizani na abiria wa Arua, upepo wa barabarani ukimpiga masikioni muda wote. Halafu fikiria ndugu yako aliyehamishiwa Kanada, yule anayekupigia simu na kusema kwamba masikio yake hayasikii kitu. Baridi ipo. Kazi ni kujua iko wapi, iko lini, na iko kwa nani, kwa sababu hapo ndipo mtu atatoa shilingi yake.

Na shilingi ndiyo inayotufanya tuzungumze leo. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula hapa Uganda hutolewa kwa makundi. Kuna wanaopata zaidi, kuna wanaopata kidogo, na kuna kaya zilizoambiwa zinaweza kujitegemea, basi. Mama ambaye mgao wake umepungua anaanza kuangalia mikono yake: mikono hii inaweza kufanya nini? Wengi wanafikiria kufuma. Wanafikiria kuchukua mkopo kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, waende Arua wanunue uzi mpya, wafume vingi, wauze. Neno letu la leo ni hili: usikope bado. Fuma moja kwanza, kwa uzi wa sweta kuukuu, kwa kichwa cha mtu unayemjua.

(Muziki mfupi)

Wafumaji hatuna upungufu. Kinamama waliotoka Sudan Kusini wanajua milaya, yale mashuka ya kitanda yanayotiwa maua ya uzi wa rangi na kumaliziwa ukingo kwa kroshia. Wapo waliovuka mpaka na milaya kwenye furushi huku wameacha sufuria nyumbani, na mwenye kujua thamani yake hawashangai. Milaya humpamba bibi harusi, humheshimu mgeni, na siku mambo yakiwa magumu huuzwa. Lakini milaya moja inaweza kula wiki nyingi, na uzi wake mwingi, na mteja wake si wa kila siku. Bendi ya kichwa inamalizika jioni moja au mbili. Ukikosea, unafumua na kuanza tena, uzi haujapotea. Kwa hiyo hata kama lengo lako ni milaya, bendi ni mahali pazuri pa kuujaribu mkono na kulijaribu soko.

Sasa uzi. Nenda kwenye mitumba, mahali wanapomwaga masweta chini. Usitazame rangi kwanza. Geuza sweta ndani nje uangalie mshono wa ubavuni, maana hapo ndipo watu wengi wanapoliwa. Ukiona vipande viwili vimeshonwa pamoja kwa uzi mmoja, na kingo zake ni nzima, hilo ni sweta zuri: unakata ule uzi wa mshono, unavuta, vipande vinaachana. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kufungwa na mashine, nyuzi nyingi zikizunguka ukingo, liache. Lile lilikatwa kutoka kitambaa kikubwa, na ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi, kila mstari umekatika. Sweta lililovaliwa mpaka likagandamana kama blanketi liache pia. Halitafumuka.

Ukishafungua mishono, anza kufumua kutoka juu, upande wa mabega na shingo, kwa sababu masweta mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu, na mwisho wa uzi uko huko. Mmoja avute, mwingine azungushe uzi kwenye mgongo wa kiti, au kwenye magoti ya mtoto aliyekubali kukaa kimya. Funga hilo zungusho sehemu nne kwa vipande vya uzi ili lisivurugike, lifue kwa maji ya baridi na sabuni, kisha litundike kivulini na chupa ndogo ya maji imening'inia chini yake. Uzi ukitoka kwenye sweta unakuwa umejikunja kama nywele zilizofumuliwa suka. Ile chupa inaunyoosha.

Kuna jambo la kujua kabla hujaendelea: uzi wako ni sufu ya kondoo, au ni ule wa kiwandani unaoitwa akriliki? Kata kipande cha urefu wa kidole, toka nje, kishike kwa koleo au vijiti viwili, ukiwashe. Sufu inanuka kama nywele zinazoungua na inabaki majivu yanayopondeka. Akriliki inayeyuka na kubaki punje ngumu nyeusi. Zote mbili zina joto, na akriliki ni rahisi kufua. Lakini sufu hubakiza joto hata ikiwa na unyevu, nayo akriliki ikirukiwa na cheche huyeyuka na kushika kwenye ngozi. Anayepika kwenye mafiga matatu asivae bendi ya akriliki akiinama juu ya moto. Hilo mwambie hata mteja wako.

Uzi wa sweta mara nyingi ni mwembamba. Bendi yetu inatakiwa iwe nene, sasa unafanyaje? Unachukua nyuzi mbili, au tatu, au hata nne, unazishika pamoja na kuzifuma kama uzi mmoja. Hakuna siri nyingine. Na hapo rangi inakuja kukusaidia: kijivu na nyekundu zikishikwa pamoja zinatoa rangi ambayo dukani haipo.

(Muziki mfupi)

Sindano. Ile ya ukingo wa milaya ni nyembamba, wengine huichonga kutoka kwenye waya wa spoku ya baiskeli, na kwa kazi hii haifai. Tunataka sindano nene, unene wa milimita 8 hivi, karibu na unene wa kidole kidogo cha mtoto. Chonga mwenyewe kutoka mti mgumu uliokauka au mwanzi, urefu wa kiganja na nusu. Kichwani kata ndoana, iwe na mdomo wa kuukamata uzi, lakini ncha yake iwe ya mviringo isichane. Halafu isugue kwa msasa, na ukikosa msasa isugue kwenye jiwe laini, mpaka uzi upite bila kushikwa. Sindano yenye kijiti kilichochomoza itakuchosha mkono na kukuharibia uzi. Tumia muda wako hapa.

Twende kwenye kufuma. Mwenye kujua kroshia avumilie kidogo, jirani yake hajui.

Fanya kitanzi kinachokaza, kiweke kwenye sindano. Kamata uzi kwa ndoana, uvute upite ndani ya kitanzi. Umepata kiungo kimoja cha mnyororo. Endelea mpaka viwe 11. Mnyororo huu ndio upana wa bendi, sio urefu wake. Watu wengi huanza na mnyororo mrefu wa kuzunguka kichwa, na bendi yao hutoka ngumu, haivutiki. Sisi tunafuma kwa upana, mistari mifupi mingi, na bendi inarefuka kidogo kidogo kama mkeka.

Ruka kiungo cha kwanza kilicho karibu na sindano, ingiza ndoana kwenye cha pili. Kamata uzi, uvute utoke. Sasa una vitanzi viwili kwenye sindano. Kamata uzi tena, uvute upite ndani ya vyote viwili. Kimebaki kitanzi kimoja, na umemaliza fundo moja. Fanya hivyo mpaka mwisho: mafundo 10. Fanya kiungo kimoja cha mnyororo, geuza kazi, anza mstari wa pili.

Kuanzia mstari wa pili kuna kitu kimoja kinachobadilika, na ndicho kinachoifanya bendi ivutike. Tazama juu ya kila fundo: kuna nyuzi mbili zimelala kama ukingo wa suka. Kwa kawaida ndoana hupita chini ya zote mbili. Wewe pitisha chini ya moja tu, ile ya nyuma, iliyo mbali nawe. Fanya hivyo mstari mzima, na mistari yote. Baada ya mistari sita utaona matuta yameinuka, tuta na mfereji, tuta na mfereji, kama shamba la viazi vitamu. Matuta hayo ndiyo yanayonyumbuka, na kati yake hewa hukaa. Hewa iliyotulia ndiyo inayoshika joto, kuliko hata uzi wenyewe. Kwa hiyo usikaze mkono. Bendi iliyokazwa sana ni ngumu na haina joto.

Hesabu mafundo kila mwisho wa mstari, 10 na tena 10. La mwisho ndilo linalosahaulika, na ukilisahau mara tano bendi yako itakuwa pembe tatu.

Urefu: zungusha kamba kwenye kichwa, kwenye paji la uso na juu ya masikio. Mtu mzima mara nyingi ana sentimita 54 mpaka 58. Toa sentimita 5, kwa sababu bendi itavutika. Kwa hiyo ukifika sentimita 50, vuta kidogo ulinganishe na kichwa. Kwa uzi na sindano tuliyosema itakuwa karibu mistari 50 hadi 55, na gramu 60 hadi 80 za uzi. Mwenye rasta au suka nyingi mpime na nywele zake. Mwenye kuvaa hijabu mpime juu ya ile kofia ya ndani, naye bendi yake iwe nyembamba kidogo, nyuzi mbili badala ya tatu.

Kuunganisha, unaweza kukutanisha ncha mbili na kuzishona, imekwisha. Lakini kwa dakika tano zaidi unapata fundo zuri la mbele, lile linalomfanya mteja asimame. Kunja ncha moja katikati kwa urefu, na nyingine vivyo hivyo, kisha zipachike moja ndani ya nyingine, kama mikono miwili inayosalimiana, nusu ya hii ikae ndani ya ile. Sasa una tabaka nne. Shona zote nne pamoja kwa uzi huo huo, geuza bendi, na mbele utaona msokoto kama wa kilemba.

(Muziki mfupi)

Mama mwenye mtoto mchanga, hapa nisikilize vizuri. Bendi hii si ya mtoto mchanga. Mtoto aliyezaliwa karibuni hupoteza joto upesi, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo anahitaji kofia inayofunika utosi, na anahitaji kifua chako, ngozi kwa ngozi, kama wakunga wanavyowaelekeza. Bendi huteleza ikaziba pua na mdomo. Usimvishe na kumlaza. Na kijana wa bodaboda, bendi nene chini ya helmeti huifanya helmeti ikae juu juu, na siku ya ajali itaruka. Vaa bendi ukiwa umepaki unasubiri abiria, au omba ufumiwe nyembamba ya uzi mmoja.

Sasa hesabu. Tuseme sweta umelipata kwa shilingi 4,000, na limetoa uzi wa bendi nne. Kila bendi imekula uzi wa shilingi 1,000. Ukiuza bendi kwa 3,000, mkononi imebaki 2,000 kwa jioni mbili za kazi. Si nyingi, na tusidanganyane kwamba ni nyingi. Lakini ni yako, huna deni. Mwenzako aliyekopa akanunua uzi mpya mjini, anadaiwa uzi, anadaiwa riba ya kikundi, na nauli ya kwenda Arua na kurudi imeshakula bendi tatu za kwanza kabla hajauza hata moja. Akipata wateja 20 walioagiza, mkopo unaweza kumfaa. Kabla ya hapo anacheza kamari na chakula cha watoto.

Na muda wako uhesabu, ingawa waume wengi wanasema kufuma ni kupumzika. Jioni hiyo ungeweza kuwa shambani, au kulala.

Wateja watafute kwa majira. Kuanzia Aprili mpaka Novemba, mvua zikiwepo, beba bendi zako asubuhi, sio saa nane mchana. Nani ananunua bendi ya sufu akitokwa jasho? Simama pale mabasi ya alfajiri yanapopakia, kwenye stendi ya bodaboda, karibu na walinzi wanaobadilishana zamu. Mwenye jamaa anayesafiri kwenda Kabale au Kisoro, huko milimani watu huvaa masweta mchana, mpe mbili tatu za kujaribu. Desemba mpaka Machi fuma mashuka, uache bendi zipumzike.

Mtasema, kroshia imewahi kumlisha nani? Imewalisha watu. Mwaka 1845 ugonjwa ulishambulia viazi nchini Ireland, na kwa miaka kadhaa njaa iliua watu wengi sana na kuwafukuza wengine wengi kutoka nchini mwao. Katika miaka hiyo wanawake wa Cork, na wa mji wa Clones, walifundishwa kufuma lesi kwa sindano ya kroshia na kuiuza. Familia zilipata chakula kwa ile lesi, na wengine walilipia nauli ya meli. Walichofanya kwa akili ni kugawana kazi: huyu anajua ua la waridi, yule anajua jani, mwingine kazi yake ni kuunganisha tu. Kila mmoja aliharakisha kipande chake. Kikundi cha watu watano kinaweza kufanya hivyo hapa, mmoja mwenye jicho la mitumba, mmoja wa kufumua na kufua, wawili wa kufuma, mmoja mwenye mdomo wa kuuza. Ila lesi ile ilitegemea matajiri wa mbali, na mitindo ilipobadilika kazi ilipungua. Ndiyo maana nasema mteja wa kwanza awe mtu unayeweza kumsalimia asubuhi.

Wa mbali tusiwasahau hata hivyo. Ndugu aliyeko Winnipeg, ambako usiku wa Januari baridi huweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, anajua kwamba baridi hiyo huunguza ngozi ya masikio mpaka ikafa ganzi. Kwa siku kama hizo bendi peke yake haitoshi, anahitaji kofia kamili. Bendi itamfaa miezi ya Oktoba na Novemba, au ndani chini ya kofia. Ukimtumia, mweleze hivyo.

Na kuna walioshafuma kwa ajili ya safari ambayo haikufika. Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeuza kuku na kugawa sufuria zikabaki na mabegi yamefungwa. Kama ndani ya begi lako mna sufu ya baridi uliyoiandaa, hatuwezi kukuambia ni lini itahitajika. Mtu akikuambia anajua, na kwamba kwa pesa kidogo jina lako litasogea mbele, mwambie hapana. Kuhamishiwa nchi nyingine hakulipiwi, hatua yoyote ile. Anayedai malipo ni mwizi, na unaweza kumripoti UNHCR au ofisi ya Waziri Mkuu kambini kwako. Bendi zenyewe zinaweza kuvaliwa mwezi wa nane hapa hapa, kwenye foleni ya maji.

Kwa vikundi vya kusikiliza: wiki hii leteni sweta moja kuukuu kwa watu wanne, mlifungue mishono pamoja, na mpimane vichwa kwa kamba. Mzee asiyefuma achonge sindano. Andikeni sweta limewagharimu shilingi ngapi, limetoa bendi ngapi, na jioni ngapi zimetumika, mje na hesabu hiyo kwenye mkutano. Mkishaona nambari zenu wenyewe ndipo mzungumze habari ya mkopo.

(Muziki wa kufunga)